Kuimarisha plastiki inayooza kwa katani: mwongozo kwa karakana ndogo ya Nairobi

Katani mbichi ikitiwa moja kwa moja kwenye PLA, plastiki inayotengenezwa kwa wanga au sukari ya mimea, mara nyingi hutoa bamba dhaifu kuliko PLA tupu. Kila uzi wa mkonge umevikwa nta, pektini na hemiselulosi, yaani gundi za asili za mmea, na PLA iliyoyeyuka haishiki juu ya tabaka hilo. Bamba likipoa, uzi unabaki umelala ndani ya tundu lake, na ufa ukianza unapita kando yake bila kuzuiwa. Kisha kuna maji. Katani iliyoanikwa juani ikaonekana kavu kabisa bado inaweza kubeba unyevu wa asilimia 8 hadi 12, na kwenye joto la 180°C maji hayo hukatakata minyororo ya PLA mpaka plastiki inakuwa nyepesi kuvunjika.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwenye ndoo na kwenye oveni. Presi inakuja mwisho na haiwezi kurekebisha kilichoharibika kabla yake. Mwongozo huu unafuata bamba moja la milimita 200 kwa 200, unene milimita 3, lenye katani asilimia 30 kwa uzito. Ukilimudu hilo, umbo lingine ni suala la kalibu tu. Mwishoni kuna njia ya pili, ya wanga wa muhogo, kwa anayetaka kitu kinachooza udongoni kwa kweli.

Kuchagua katani na PLA

Mkonge wa Kenya hulimwa zaidi Taita-Taveta, Kilifi, na eneo la Mogotio, lakini ukiwa Nairobi huna haja ya kwenda shambani. Maduka yanayowauzia mafundi wa jipsamu huwa na katani iliyochanwa, na wasusi wa viondo wanajua inakouzwa kwa kilo. Daraja la juu, kama 3L, ni refu na safi. Daraja la UG liko chini yake. Kwa kuwa utazikata nyuzi hadi milimita 40, usilipie urefu, lipia usafi. Tafuta katani yenye rangi ya krimu, isiyo na vipande vya ganda la jani. Ganda hilo halilainiki kwenye kostiki, alkali kali tutakayoiosha nayo katani, na huwa mwanzo wa ufa.

Epuka kamba za kufungia nyasi na magunia. Katani yake hupakwa mafuta kiwandani ili isokoteke vizuri, na mafuta hayo yatakusumbua hadi mwisho. Epuka pia katani iliyotiwa rangi. Nyuzi za mgomba zinafuata utaratibu uleule, ila anza na kostiki hafifu zaidi. Makumbi ya nazi yana lignini nyingi, ile inayougumisha mti, na hunyumbuka sana, lakini nguvu yake ya kuvutwa ni ndogo. Kwa bamba gumu, mkonge unayashinda.

PLA rahisi kupata mjini ni ile ya printa za 3D, ama mpya kwenye koili, ama mabaki na vitu vilivyoharibika kwenye karakana zinazochapa. Rangi haina neno. Kuchanganya aina za plastiki kuna neno kubwa, kwa sababu plastiki nyingine, ABS na PETG, hutumika kwenye mashine hizohizo na kwa macho zote zinafanana. Kipimo chake ni rahisi: pasha maji hadi 70°C, uhakikishe kwa kipimajoto, kisha tumbukiza kipande chembamba kwa dakika mbili. PLA hulegea na kupindika kwa kidole. PETG na ABS hubaki ngumu. Fanya hivi kwa kila kifurushi cha mabaki bila kumwamini aliyekuuzia, hata kama ni rafiki.

Kostiki: kuivua katani nta yake

Unahitaji kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi, ile wanayonunua watengeneza sabuni. Magadi hayafai. Hayo ni kabonati ya sodiamu, alkali hafifu mno kwa kazi hii.

Chombo kwanza. Sufuria nyingi za Nairobi ni za alumini, na kostiki hula alumini huku ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki yenye alama ya 2 au 5 chini yake, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Vaa glavu ndefu za mpira, miwani inayofunika macho pembeni, na nguo za mikono mirefu. Kostiki ikikurukia, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Usipake siki juu ya ngozi. Ikiingia jichoni, suuza vivyo hivyo na uende hospitali mara moja, hata maumivu yakipungua.

Kwa gramu 500 za katani kavu:

1. Kata katani vipande vya milimita 40 kwa panga kali juu ya gogo au kwa kikata karatasi. Vaa barakoa, vumbi lake linakereketa mapafu. Loweka katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa nusu saa, suuza, kamua.

2. Kausha kwenye oveni kwa 100°C mpaka uzito usibadilike, kisha pima gramu 500. Ukipima katani ya juani bila kuikausha, hujui umeanza na kiasi gani, na kipimo cha mwisho kitakudanganya.

3. Weka lita 9 hivi za maji baridi kwenye ndoo. Mimina kostiki gramu 500 kidogo kidogo ukikoroga kwa mti, kisha ongeza maji hadi lita 10. Hiyo ni asilimia 5. Kostiki huenda kwenye maji. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia. Mchanganyiko utapata joto wenyewe. Subiri upoe hadi 25°C hivi.

4. Zamisha katani yote na uikandamize kwa sahani ya plastiki yenye jiwe juu. Igeuze kila nusu saa. Iache saa 4 ikiwa maji yako 20 hadi 25°C. Mwezi wa Julai, karakana ikiwa na baridi ya 15°C, ama uongeze saa mbili ama uweke ndoo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.

5. Toa katani, iache ichuruzike juu ya ndoo, kamua.

Maji yatageuka manjano na kisha kahawia kama chai ya rangi. Hiyo ni hemiselulosi, sehemu ya lignini na pektini zikitoka. Kinachofanyika kwenye uzi wenyewe ni mambo mawili. Uso unakuwa na mikwaruzo ambayo plastiki itaingia na kushika, na fungu la uzi, ambalo ndani yake ni chembe nyingi zilizogandishwa pamoja, linaanza kuachana na kuwa nyuzi nyembamba zaidi. Uso wa kushikia unaongezeka bila wewe kuongeza katani.

Kuna kishawishi cha kuongeza nguvu ya kostiki ili kumaliza haraka. Usikifuate. Ukipita asilimia 10 hivi, kostiki inaacha kula gundi na kuanza kubadilisha selulosi yenyewe, ambayo ndiyo nguvu unayoihitaji. Uzi hujikunja, hufupika na kupoteza ugumu wake. Saa 24 ndani ya asilimia 5 nazo ni nyingi mno.

Maji ya kostiki yanaweza kutumika mara mbili au tatu, ukiongeza gramu 50 hadi 100 za kostiki kila mara kufidia iliyotumika. Yakiisha kazi, usiyamwage mtaroni. Mitaro ya Industrial Area na Mathare inaishia kwenye mito yetu. Yatulize kwanza kwa asidi ya sitriki, inayopatikana kwa wauza malighafi za sabuni na vinywaji. Lita 10 mbichi za asilimia 5 zinahitaji gramu 800 hivi. Zilizokwisha kutumika zinahitaji pungufu. Ongeza polepole ukipima kwa karatasi za pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) mpaka ufike kati ya 6 na 8. Siki ingefanya kazi hiyo pia, lakini ungehitaji lita 15 za siki ya asilimia 5, hasara tupu.

Kuosha ndiyo hatua inayorukwa

Kostiki iliyobaki ndani ya uzi haionekani, ila huishambulia PLA palepale inapogusana nayo kwenye joto. Bamba linatoka na rangi nzuri, na wiki mbili baadaye linavunjika mkononi. Kwa hiyo suuza mara tano kwa maji mapya, kila mara lita 10, ukiikamua katani kati ya mara moja na nyingine. Kisha iloweke dakika 20 kwenye asidi hafifu ya asilimia 1: lita 1 ya siki nyeupe ya asilimia 5 kwenye lita 4 za maji, na uzidishe vyote mara mbili ikihitajika ili katani yote izame. Suuza tena mara mbili kuondoa siki, kwa sababu asidi nayo haiitendei PLA wema.

Pima pH ya maji unayoyakamua, na hapo hapo upime pH ya maji ya mfereji au kisima chako. Visima vingi vya Nairobi vina bikaboneti ya sodiamu, na maji yake yenyewe husoma juu ya 7. Fundi asiyejua hilo ataosha siku nzima akitafuta 7 isiyokuja. Lengo ni katani isome sawa na maji uliyotumia. Maji ya mfereji yanayotoka Ndakaini ni laini na hayana shida hiyo. Ukiwa na kisima, suuza ya mwisho ifanye kwa maji ya mvua au ya mfereji.

Kukausha na kipimo cha uzito

Anika kwanza kwenye wavu kivulini penye upepo mpaka maji yaache kudondoka, halafu oveni ya 80°C kwa saa 6, ukiigeuza. Ipime. Gramu 500 zikirudi kati ya 425 na 450, kostiki imefanya kazi yake. Zikirudi 480, muda ulikuwa mfupi au maji yalikuwa baridi, rudia kwa saa mbili. Zikishuka chini ya 400, umekula zaidi ya gundi. Chukua uzi mmoja uuvute: kama unakatika kirahisi kuliko ule wa awali, tumia fungu hilo kwa vyungu vya wanga vilivyoelezwa mwishoni.

Hifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Hata hivyo katani hunywa unyevu wa hewa ndani ya saa chache, kwa hiyo siku ya kugandamiza irudishe kwenye oveni kwa 100°C, saa 2 hadi 4. Pima, subiri nusu saa, pima tena. Tofauti ikizidi asilimia 0.2, endelea. Kutoka oveni hadi kalibu isipite dakika 10.

PLA nayo ikaushwe. Ya printa, iliyo koili, ikae kwenye 45 hadi 50°C kwa saa 6, ukizidisha itagandana. Punje za kiwandani, ambazo tayari zina fuwele, huvumilia 80°C kwa saa 4.

Urefu wa uzi na hesabu ya bamba

Uzi hubeba mzigo pale tu urefu wake unapotosha kuushikilia; ukiwa mfupi mno huchomoka kabla ya kukatika. Urefu wa chini hupatikana hivi: zidisha nguvu ya uzi kwa kipenyo chake, kisha gawa kwa mara mbili ya nguvu ya mshiko kati ya uzi na plastiki. Uzi wa megapaskali 500 na kipenyo cha milimita 0.2, mshiko ukiwa megapaskali 5, unahitaji milimita 10. Kostiki ikiinua mshiko hadi 10, milimita 5 zinatosha. Mwenye mashine ya skrubu ya kuchanganyia atabaki na vipande vya milimita chache, na kwake mshiko ndio kila kitu. Sisi tunapanga tabaka kwa mkono, hivyo tunaweza kubaki na milimita 40 na kupata nafuu kubwa.

Uzito wa bamba: PLA ina gramu 1.24 kwa sentimita ya ujazo, katani 1.45 hivi. Kwa 70 na 30, mchanganyiko ni karibu 1.30. Bamba letu lina sentimita za ujazo 120, yaani gramu 156. Ongeza asilimia 5 ya kufurika: jumla gramu 164, ambazo ni PLA 115 na katani 49. Usijaribu asilimia 50 kwa njia hii. Plastiki haitatosha kulowesha kila uzi, na utapata bamba lenye mashimo meupe ndani.

Presi

Presi ya tani 20 ya kuchomolea beringi, ile ya gereji, inatosha. Megapaskali 3 juu ya milimita 200 kwa 200 ni kilonewtoni 120, sawa na tani 12. Kama jeki haina geji, mafundi wa haidroliki wa Kirinyaga Road wanaweza kuiwekea. Bila geji unakisia, na kukisia hapa kunamaanisha kila bamba litakuwa na unene wake.

Mwagize fundi wa Kamukunji au Kariobangi akukatie bamba mbili za chuma za milimita 250 kwa 250, unene 20, kila moja ikiwa na matundu mawili ya hita za watt 250 na tundu dogo la kipimajoto karibu na uso wa kazi. Watt 1,000 kwa jumla zitapasha chuma hicho cha kilo 20 hivi hadi 180°C kwa takriban dakika 40. Weka kidhibiti joto. Swichi ya kuwasha na kuzima kwa mkono itapita 200°C bila wewe kujua. Chuma kiunganishwe na waya wa ardhi. Kati ya bamba za moto na mwili wa presi weka ubao wa kalisi silikati, unaozuia joto. Usikate vipande vya paa la zamani la asbesto kwa kazi hii hata ukipewa bure.

Kalibu ni fremu ya chuma yenye nafasi ya 200 kwa 200 na kimo cha milimita 3. Juu na chini tandaza karatasi ya kuokea yenye silikoni.

Kwanza tengeneza shuka tano za PLA. Katakata PLA, weka gramu 23 kati ya karatasi mbili, gandamiza kwa 180°C dakika 2, poza. Kila shuka itakuwa na unene wa milimita 0.5 hivi ikienea eneo lote. Kisha tengeneza mikeka minne ya katani, kila mmoja gramu 12. Njia inayotawanya vizuri ni ya maji: tawanya nyuzi kwenye beseni, zikoroge, ziinue kwa wavu wa fremu, kausha. Ukitawanya kwa vidole zikiwa kavu, mafundo hayakosekani.

Panga shuka, mkeka, shuka, mkeka, ukianza na kumaliza kwa PLA. Ingiza kwenye kalibu iliyo tayari na moto wa 180°C na ufunge hadi iguse tu. Subiri dakika 3 plastiki ilainike. Pandisha hadi tani 3, legeza, pandisha, legeza, mara tatu, mvuke na hewa vitoke. Ndipo upandishe hadi tani 12 kwa dakika 4. Zima hita na ulete feni, ukiendelea kushikilia tani 12. Jeki hulegea chuma kinapopoa, kwa hiyo iongeze kila inaposhuka. Usifungue kabla ya 50°C. PLA hulainika kati ya 55 na 60°C, na bamba likitolewa likiwa juu ya hapo litajipinda mbele ya macho yako.

Likitoka baya

Rangi ni kitu cha kwanza. Bamba zuri lina rangi ya asali. Likiwa kahawia na lina harufu ya nyasi zilizoungua, joto lilipita 200°C au lilikaa moto muda mrefu. Hemiselulosi na lignini huanza kuungua mapema kuliko selulosi. Kama geji inasema 180°C na bado linaungua, kipimajoto kiko mbali na uso wa kazi.

Mapovu madogo yaliyotapakaa ni maji, karibu kila mara. Rudi kwenye oveni, usiongeze shinikizo. Mapovu makubwa machache ni hewa: legeza presi mara nyingi zaidi. Madoa makavu ambako katani inaonekana bila plastiki yanatokana na mkeka mzito mahali pamoja, au dakika 3 za mwanzo kuwa chache.

Vunja kipande na utazame uso wake kwa lenzi. Ukiona nywele ndefu safi na matundu matupu upande wa pili, mshiko haupo: kostiki ilikuwa hafifu, au mafuta yalibaki kwenye katani. Ukiona vishina vifupi vilivyokatika vikiwa na vipande vya plastiki juu yake, kazi ni nzuri. Uso laini kabisa, na bamba limekatika bila kupinda hata kidogo, PLA yenyewe imeoza kwa maji au kostiki. Kutazama huku hakugharimu chochote, na ndiko kunakofundisha zaidi.

Kupima kwa mtungi

Kata vipande vya upana wa milimita 20 na urefu wa 120, vitano vya katani iliyotibiwa, vitano vya katani mbichi na vitano vya PLA tupu iliyopita kwenye presi hiyohiyo. Bila hivyo viwili vya mwisho huna cha kulinganisha. Weka kipande juu ya nondo mbili laini zilizoachana milimita 96. Ning'iniza kilo 2 katikati na upime kimepinda kiasi gani. PLA tupu yenye unene wa 3 itashuka milimita 2.3 hivi. Katani iliyoshika vizuri lazima ishuke pungufu ya hapo waziwazi. Namba zikilingana, umejaza tu, hujaimarisha.

Kwa nguvu ya kuvunjika, ning'iniza mtungi mtupu wa lita 20 na umimine maji polepole mpaka kikatike, kisha upime uzito. PLA tupu huvunjika karibu na kilo 11 au 12. Kupata megapaskali: zidisha 3 kwa newtoni (kilo mara 9.81) kwa 96, gawa kwa mara mbili ya upana kwa unene mara unene. Pima unene wa kila kipande, maana unaingia mara mbili kwenye hesabu na kosa la milimita 0.2 linatosha kubadilisha hukumu.

Halafu loweka vipande vingine saa 24, vipanguse, vipime uzito. Iliyotibiwa inapaswa kunywa pungufu ya ile mbichi. Kingo zilizokatwa ndizo zinazonywa zaidi, kwa hiyo bidhaa ya kweli iundwe na kingo zilizofunikwa na PLA.

Inaoza wapi?

Mteja atauliza, na anastahili jibu la kweli. PLA huoza kwenye mboji ya kiwandani inayoshikilia karibu 58°C kwa wiki nyingi. Kwenye shimo la taka la nyumbani, shambani, au kwenye jalala la Dandora, itakaa miaka. Katani itaoza kabla yake. Basi tumia bamba hili kwa vitu vinavyodumu: vifuniko vya vifaa, trei, vishikio, fremu. Usiitengenezee vikombe vya chai, italegea. Wala usiitupe pamoja na chupa za PET, kwa sababu huharibu fungu zima linalorejelezwa. Na ukipaka vanishi ya kawaida, hata ile mboji ya kiwandani haitaipokea.

Anayetaka kitu kinachooza udongoni ahamie kwenye wanga. Kitu kinachofaa hapa ni chungu cha miche ya mboga. Pika lita 1 ya maji na wanga wa muhogo gramu 90 na gliserini gramu 14, ukikoroga bila kuacha. Utaona ukiwa mzito na kung'aa kati ya 65 na 75°C. Endelea hadi 85°C kwa dakika 10. Chukua mikeka ya katani iliyotibiwa, nyuzi za milimita 20, izamishe kwenye uji huo ungali moto, ikamue, uizungushe kwenye kopo lililofunikwa karatasi ya kuokea, tabaka mbili zikipishana. Kausha kwenye 50°C kwa saa 24, utoe kopo chungu kikiwa bado na unyevu kidogo ili wanga usipasuke unaponywea.

Gliserini ikizidi, chungu hunata na kuvuta maji ya hewa, ikipungua, hupasuka. Ukungu huota kikikaushwa polepole, hasa wakati wa mvua za Aprili, kwa hiyo usikianike nje ukitumaini jua. Bila ulinzi chungu hulegea mapema kwa kumwagiwa maji. Kichovye mara moja kwenye nta ya nyuki iliyoyeyuka, nje tu, na kitahimili vizuri zaidi wiki nne au tano ambazo mche wa sukuma wiki au nyanya unazihitaji. Kwa miche ya miti inayokaa kitaluni miezi mingi, hakifai. Wakati wa kuhamisha mche, pasua chini ya chungu kwa kisu kabla ya kukizika, kwa sababu wanga utaisha haraka lakini mkeka wa katani utabaki muda mrefu zaidi, na mizizi michanga isilazimishwe kuupenya.